Mgeni wa Mwezi wa Saba

Kila siku ya likizo, Jie-Yu alikuwa na kazi tatu za kumaliza kabla ya saa nane mchana: kuosha vyombo, kuanika nguo uani, na kumwekea Bibi feni upande wa miguu ili apate usingizi. Baada ya hapo, nyumba yao ndogo ya kichochoroni mjini Tainan ilikuwa yake peke yake. Mama yake alifanya kazi kiwandani huko Hsinchu, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Babu alikuwa amefariki wakati wa baridi. Walibaki wawili tu, Bibi na mjukuu, pamoja na nyenje waliolia mitini kutwa nzima.

Mwaka huo Jie-Yu alimaliza darasa la sita na alama nzuri kuliko mtu yeyote alivyotarajia, yeye mwenyewe akiwemo. Mama alikuwa amemwahidi kompyuta ya michezo, na Mama si mtu wa kuahidi kisha akajisahaulisha. Mjomba Liang, mdogo wake Mama, ambaye ni fundi wa kompyuta, alinunua vifaa kimoja kimoja. Siku ya Jumatatu akaja kuviunganisha sebuleni, juu ya meza aliyokuwa akisomea Babu magazeti.

Bibi hakufurahi hata kidogo. Mwezi wa saba wa kalenda ya wazee ulikuwa umeshaanza, mwezi ambao wafu hufunguliwa lango wakaja kutembea miongoni mwa walio hai. Bibi hakuwaita mizimu. Aliwaita "ndugu wema", wasije wakaudhika. Mwezi huo hakuna anayehamia nyumba mpya wala kufunga ndoa, na mtu mwenye akili zake haanzishi jambo jipya. Alitaka kompyuta ikae kwenye maboksi mpaka mwezi uishe.

"Mama, hii ni mashine tu, haina roho," Mjomba Liang alimwambia huku akicheka. Hata hivyo alichomoa mkobani pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, akaiweka juu ya kompyuta, kama mafundi wengi wa huko wafanyavyo ili mashine iwe na adabu. Bibi aliitazama pakiti, akamtazama mwanawe, akaenda zake jikoni.

Kabla kazi haijaisha, Mjomba aliitwa Kaohsiung kwa shughuli ya siku sita. Alimwachia Jie-Yu flashi na karatasi yenye maelekezo. Draiva, yaani zile programu ndogo zinazoifundisha kompyuta kutumia vifaa vyake, zilipaswa kuingizwa kwa mpangilio: kwanza za ubao mkuu, kisha ya kadi ya picha, kisha za sauti na kamera. Halafu kinga ya virusi na masasisho yote. Michezo ingekuja mwisho kabisa. Kitu chochote kikikosekana, akichukue kwa kampuni iliyokitengeneza, si kwingineko. Sentensi hiyo ya mwisho Mjomba aliipigia mstari mara mbili. Kisha akapakia picha za familia ili Bibi aweze kumwona Babu kwenye skrini kubwa, akaondoka.

Jumanne Jie-Yu alianza vizuri. Lakini draiva ya kadi ya picha haikuwemo kwenye flashi, na alipoanza kuipakua, kompyuta ilimwambia asubiri muda wa saa mbili. Wenzake wa timu walikuwa wanamngoja mchezoni saa tisa kamili. Akatafuta njia ya mkato, na njia za mkato hazikosekani kwenye intaneti. Akapata ukurasa wenye kitufe kikubwa cha kijani uliojigamba kuweka draiva zote kwa mara moja. Ukamtaka kwanza azime kinga ya virusi iliyokuja na mfumo wa kompyuta. Onyo jekundu likatokea. Jie-Yu aliuma mdomo, akatazama saa ya ukutani, akazima kinga.

Baada ya dakika tano alikuwa mchezoni. Jioni Mjomba alipopiga simu kuuliza mambo yanaendaje, alijibu bila kupepesa macho, "Nimefuata karatasi yote, Mjomba, hatua kwa hatua."

Jumatano mchana, joto likiwa limewalaza hata mbwa wa jirani, Jie-Yu alikuwa amekaa mbele ya skrini akimenya embe. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye embe. Kishale kikaanza kusogea. Kilikwenda taratibu kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine, kikasimama, kikafungua faili moja, kikaifunga. Juu ya skrini, kitaa kidogo cha kamera kiliwaka chenyewe.

Jie-Yu alikishika kipanya kwa vidole vyenye utomvu wa embe. Alipokivuta kushoto, kishale kilikwenda kulia. Kulikuwa na nguvu nyingine upande wa pili, nayo haikuwa na haraka. Akazima kompyuta kwa kubonyeza kitufe mpaka kidole kikauma.

Alipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameona yote. Akamuuliza alichokifanya kwenye mashine ile.

Hapo ndipo Jie-Yu alipaswa kusema. Alikijua vizuri kitufe cha kijani, na onyo jekundu lilikuwa bado mbele ya macho yake. Lakini aliona pia kompyuta ikirudishwa kwenye maboksi na Mama akiacha kumsifia kwa majirani. "Sijagusa kitu, Bibi," alisema. "Labda ni ndugu wema."

Bibi alikiangalia kiti kilichokuwa mbele ya skrini, kiti cha Babu, akakiangalia kwa muda mrefu.

Alhamisi Jie-Yu alirudi kutoka dukani akasikia mtu akizungumza sebuleni kwa sauti ya chini. Alidhani Mama amekuja. Kumbe Bibi alikuwa amewasha kompyuta mwenyewe, kwa namna alivyomwona mjukuu wake akifanya. Picha ya Babu ilikuwa imejaa skrini nzima, Babu na kofia yake ya mkeka, akicheka. Bibi aliapa kwamba hakuifungua yeye.

"Baba Liang," Bibi aliiambia picha, "ni wewe?"

Kishale kilitembea juu ya uso wa Babu. Dirisha jeupe likafunguka kando yake, na herufi zikaanza kutokea moja baada ya nyingine, bila kidole chochote kugusa kibodi.

"Ni mimi."

Bibi alilia. Jie-Yu alisimama na mfuko wake wa mayai. Hata yeye, aliyejua alichokifanya, kwa dakika nzima hakuwa na hakika. Kisha akakiona kitaa cha kamera na kipaza sauti pembeni yake, akaelewa kwamba huko kusikojulikana palikuwa na mtu hai anayewatazama na kuwasikiliza. Hilo lilimtisha kuliko mizimu yote ya mwezi wa saba.

Ijumaa alijaribu kulimaliza kimyakimya. Alichomoa waya wa umeme, akasema mashine imekufa. Bibi alimshika mkono kwa vidole vyake vyembamba, akamsihi asimfungie babu yake mlango, kwani mwezi ukiisha ataondoka tena. Alisihi kama mtoto. Jie-Yu hakuweza kuvumilia, akaurudisha waya. Kila alipotaka kusema ukweli alighairi, akijua sasa asingefichua kosa moja tu. Angempokonya Bibi mume wake.

Jumamosi Bibi alishinda kwenye kiti kile. Alisimulia mambo ya miaka hamsini, na skrini ikajibu kwa maneno mafupi: ndiyo, nakumbuka, endelea. Kisha ikaanza kuuliza yake. Nani yuko nyumbani? Liang anarudi lini? Bibi alijibu yote. Mwisho ikaandika kwamba huko aliko wanamsumbua athibitishe mke wake ni nani, kwa hiyo kesho saa tisa Bibi amwonyeshe kitambulisho chake na kitabu cha benki mbele ya kamera.

Jumapili ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi, siku ya sadaka kubwa. Kichochoro kizima kilikuwa na meza nje, na moshi wa ubani ukaingia mpaka ndani. Bibi alivaa blauzi yake ya harusi za watu, akapika uji wa samaki aliokuwa akiupenda Babu, akauweka kando ya kibodi, mvuke ukipanda mbele ya skrini. Saa tisa ilipofika alitoa kitambulisho kwenye kitambaa alichokifungia, akakiinua kwa mikono miwili.

"Karibu zaidi," skrini iliandika.

Jie-Yu aliingia kati, mgongo wake ukaziba kamera. Alisema, "Bibi, huyo si Babu. Ni mtu. Mimi ndiye niliyemfungulia."

Bibi alimwambia ampishe. Nyuma ya Jie-Yu, herufi zilianza tena kutokea, na Bibi akazisoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Mjukuu wako ni mwongo."

Feni tu ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Jie-Yu aliyasikia maneno yale yakimchoma, maana hayakuwa na kosa hata moja.

"Ni kweli," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ni mwongo. Nilizima kinga ya kompyuta Jumanne kwa sababu nilitaka kucheza. Nikamdanganya Mjomba. Jumatano nikakudanganya wewe nikasema ni ndugu wema, na nilikuwa najua. Nilijua, Bibi. Huyu amekuwa akitusikiliza siku zote hizi."

Skrini iliandika upesi sasa, haikuwa na utulivu wake wa awali. Usimsikilize. Mtoe nje. Onyesha kitambulisho.

Bibi hakuzisoma tena. Alikuwa anamtazama mtoto. Alikuwa amelea watoto watatu na wajukuu wawili, na waongo aliowajua wote walikuwa wakijitetea. Hakuwahi kuona mmoja akijishtaki hivi. Alikifunga kitambulisho ndani ya kitambaa. Akainama kwa tabu mpaka chini ya meza, akauchomoa waya kwa mkono wake mwenyewe.

Uso wa Babu ukazimika.

Mjomba Liang alifika jioni ile ile baada ya simu ya Jie-Yu, ambaye safari hii alimweleza kila kitu bila kuruka neno. Alikata kwanza intaneti ya nyumba. Akafuta diski yote, akaanza upya: mfumo, draiva moja moja kutoka kwa watengenezaji wake, kinga, masasisho. Akabadilisha nywila zote. Asubuhi akampeleka Bibi polisi kutoa taarifa, kisha wakaomba kitambulisho kipya, kwa kuwa hawakujua yule mtu alikwisha kuona nini. Alimwambia Jie-Yu kwamba programu ikikutaka uzime kinga ndipo ikusaidie, imekwisha kujitambulisha. Alisema pia kompyuta itakaa miezi miwili bila mchezo wowote. Jie-Yu hakubisha.

Lakini kilichomtesa hakikuwa hicho. Bibi hakumfokea, na Bibi asiyefoka ni jambo la kutia hofu. Mchana wa Jumatatu hiyo, Jie-Yu alipomaliza kuweka feni hakuondoka. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba msamaha.

Bibi alisema, macho yakiwa darini, "Hasira zangu unazijua, ni za dakika kumi. Ungeniambia Jumatano, ningekufokea dakika kumi, halafu tungekula."

"Ndiyo, Bibi."

"Kubonyeza kitu usichokijua ni utoto, kila mtu amepitia. Lakini ulificha, ukanipa uongo niushike, na mimi nikaushika kwa sababu nilikuwa nautaka. Siku nne nilikuwa na mume wangu ndani ya nyumba." Akamwita kwa jina lake la utotoni. "Jana, A-Yu, nimemzika mara ya pili."

Jie-Yu aliweka kichwa kwenye mkeka uliotandikwa kitandani mwa Bibi, akalia mpaka mkeka ukalowa. Bibi alimwacha alie. Halafu akaweka mkono juu ya nywele zake, akasema kwamba atakosea tena, maana bado ni mtoto, na kwamba siku hiyo aje kwake kabla jua halijazama, hata kama amemkuta amelala, amwamshe.

Jie-Yu akasema atamwamsha.