Mstari wa Kumi na Tisa

Kila asubuhi, kabla chupa ya maji haijaingia kwenye mkoba wa shule, mama yake Kidole aliipindua juu chini na kuitikisa juu ya sinki. Kazi yake ofisini ilikuwa kujaribu programu za kompyuta kabla hazijawafikia watu, na mazoea ya kazi yalimfuata mpaka jikoni. Baba alipenda kusema kwamba ni bahati tu hakupinduliwa yeye mwenyewe siku ya harusi.

"Cheka tu," mama alimjibu. "Mwenye madaftari yaliyolowa hacheki."

Juu ya meza yake ya kazi mama alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kaulimbiu zake. Ya kwanza ilisema: "Alama ya vema ni ahadi." Kidole alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa kubonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Aliinakili kaulimbiu hiyo kwa wino mwekundu, akaibandika kwenye ukuta wa chumba cha kompyuta shuleni. Wenzake wa klabu waliisifu sana. Kunakili, bwana, hakumtoi mtu jasho.

Muhula huo klabu ilitengeneza programu kwa ajili ya jiko la shule. Kila mtoto anayedhuriwa na chakula fulani aliingizwa humo, ili mpishi asome majina kwenye skrini na kumtengea sahani yake. Aliyeiandika ni rafiki yake Kidole, mvulana aliyeitwa Fundi. Kidole ndiye aliyekuwa mjaribu. Mwalimu wa kompyuta alimpa orodha ya mambo kumi na tisa ya kujaribu, yenye safu mbili za kutia alama: "imepita" na "imeshindwa".

Jumatano jioni alikuwa amemaliza kumi na nane. Alikuwa amegundua makosa matatu, na Fundi aliyarekebisha huku akinung'unika. Ulibaki mstari wa mwisho: ingiza watoto wawili wa darasa moja, wenye jina moja la baba na tarehe moja ya kuzaliwa. Nje, filimbi ya mazoezi ya netiboli ilikuwa imeshalia.

"Huo achana nao," Fundi alisema. "Ni sawa na wa kumi na nane, ule wa majina yanayofanana. Kama ule umepita, huu utakwama wapi?"

"Una hakika?"

"Kwani aliyeiandika nani?"

Kidole akatia alama ya vema, akachomoka mbio.

Kesho yake asubuhi mwalimu mkuu aliitangaza programu mbele ya shule nzima. Ingeanza kutumika mchana huohuo. Makofi yalipigwa. Kidole alikuwa bado anatabasamu alipowaona mapacha wa darasa la kwanza wameshikana mikono. Shule nzima iliwajua: mmoja hudhuriwa na mayai, mwingine na karanga. Huyu wa pili aliwahi kuvimba midomo hadi akakimbizwa hospitali. Tabasamu likamkauka Kidole.

Wakati wa mapumziko alimvuta Fundi hadi chumba cha kompyuta, wakafungua orodha ya majina kwenye programu. Pacha wa mayai alikuwamo. Wa karanga hakuwamo. Programu ilidhani ni mtoto yuleyule anayeingizwa mara mbili, ikamwacha nje bila kusema neno. Na mchana huo mboga zilikuwa zinapikwa kwa karanga.

Fundi alianza kubonyeza vitufe. "Nipe nusu saa. Nitairekebisha, hakuna atakayejua."

"Halafu nani ataijaribu? Chakula kiko karibu!" Kidole alisema. Aliona aibu hata masikio yakamwaka moto, lakini miguu yake ilishaanza kwenda jikoni.

Alimkuta mpishi akikoroga sufuria, mwalimu wa kompyuta akimwonyesha skrini mpya.

"Shikamoo, mjomba. Tafadhali usiitumie leo," Kidole alisema akihema. "Pacha mmoja hayumo. Nilitia alama ya vema mahali ambapo sikujaribu."

Mwalimu aliizima skrini. Mpishi yeye alifungua droo, akatoa daftari lake la zamani lenye madoa ya mafuta. "Hili sijalitupa," alisema. "Leo tutakula kwa daftari."

Mchana Kidole hakuonja chakula chake mpaka alipomwona yule pacha amemaliza sahani yake isiyo na karanga na kuomba aongezwe. Hapo ndipo alipopumua. Alijikuta anacheka na kulia kwa pamoja, na Fundi, aliyekaa kando yake, akamsogezea leso bila kumtazama.

"Nisamehe," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyekuponza."

"Mkono uliotia alama ni wangu," Kidole alimjibu.

Jioni alimsimulia mama kila kitu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbatia.

"Mwanangu, programu kuwa na kosa si ajabu. Ndiyo maana mimi nina kazi. Alama ya uongo ndiyo hatari, kwa sababu watu wote wakiiona huacha kuangalia. Mjaribu haaibiki kusema 'sijajaribu'. Leo umechelewa kulisema neno hilo, lakini umelisema kabla ya sahani. Nashukuru mno."

Ijumaa Kidole aliomba ruhusa kwa mwalimu, akachukua rula na kuchora safu ya tatu kwenye orodha: "sijajaribu". Fundi alirekebisha programu, na safari hii mstari wa kumi na tisa ulijaribiwa mara tano, mapacha wenyewe wakiwa wamesimama pale kuhesabu.

Jumatatu asubuhi mama alimkabidhi chupa ya maji. "Iko sawa?"

"Sijajaribu," Kidole alisema, akaipindua juu ya sinki. Maji yakamwagika pwaa! Kifuniko hakikuwa kimekazwa.

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Umeona? Hata mimi hupaswi kuniamini bila kujaribu. Afadhali sinki lilowe kuliko madaftari."