Nani Aliyetikisa Doa la Mwanga?

Kila siku saa saba na nusu mchana, sisi wanafunzi huisafisha shule yetu ya Tsukuba wenyewe. Mimi, Kozue, na wenzangu hujipanga kwenye sakafu ya mbao ghorofani, tukainama na kusukuma matambara yaliyolowa huku tukishindana mbio. Mara zote mimi hushinda.

Chini yetu ni chumba cha sayansi. Humo klabu yetu ya sayansi ilining'iniza kwa uzi mwembamba kijiti chenye vipira viwili vya madini ya risasi na kioo kidogo kinachoakisi mwanga wa taa ukutani. Ukisogeza karibu mipira mikubwa ya risasi, nguvu ya uvutano huvivuta vile vidogo polepole, na doa la mwanga ukutani husogea kiasi cha ukucha. Zilibaki siku nne kabla ya mashindano ya sayansi, lakini kila mchana doa liliruka ovyo na vipimo vikaharibika.

Aliyesafisha chumba kile ni Ryohei, mwanaklabu mwenzangu. Nilimshuku yeye tu.

"Ryohei, unakigusa kile kijiti!" nilimwambia mbele ya darasa zima.

"Nakigusa wapi? Mimi nafuta meza."

"Unafuta meza, doa linacheza ngoma? Mwongo wewe!"

Watu walicheka. Nikaomba afukuzwe klabuni.

Mwalimu Shimamura, mlezi wa klabu, alikataa. "Kesho acha usafi, umchunge."

Nilimkodolea macho muda wote. Doa halikuruka hata mara moja.

"Anajifanya mwema kwa sababu nipo," nikasema.

"Haya. Kesho atafagia uani, nami nitajifungia humu. Wewe rudi ghorofani."

Nilirudi, nikakimbia, nikashinda. Niliposhuka, mwalimu alinionyesha karatasi ya vipimo. Doa lilikuwa limeruka vibaya sana.

"Ryohei alikuwa wapi?" akauliza.

"Uani."

"Na siku lilipotulia, wewe ulikuwa wapi?"

Nilitazama dari; juu yake ndipo nilipokimbia kwa kishindo kuliko wote. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Kushuku si kosa, Kozue," alisema. "Sayansi huanzia hapo. Kosa ni kumhukumu mwenzako kabla ya kupima, tena ukajisahau wewe mwenyewe. Ulimtukana mbele ya darasa, basi umwombe radhi hapo hapo."

Asubuhi ya mwisho kabla ya mashindano nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Ryohei, nisamehe. Ni miguu yangu."

Hakuna aliyecheka. Mchana huo tulifuta sakafu taratibu, na doa likasogea vizuri kabisa.

"Nimekusamehe," Ryohei alisema, akinisogezea ripoti ya jaribio letu. "Ila hapa kwenye sababu za makosa ya vipimo, andika wewe. Kwa jina lako."

Nikaandika.