Pumzi ya Mrija

Chombo kilikuwa kimeshaiacha Dunia nyuma, imebaki ndogo kama limau dirishani, wakati wahudumu walipoanza kugawa vionjeo. Kila abiria alipewa bakuli la lishe ya kijivu, haina ladha wala harufu, pamoja na kionjeo chenyewe, kifimbo cha kuvutia mvuke wa ladha. Unavuta, unameza, na mdomo unaamini umekula samaki, au uyoga. Watu wakapiga makofi.

Aliyekibuni kionjeo alikuwa mle mle ndani, mhandisi Nasambu, ameketi na baba yake, mzee Mukhwana wa Bungoma. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwachia, basi akawa anahamia naye Mirihi.

Mzee akavuta. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, huu ni uyoga au gunia linaungua?" Alimwita bintiye mama kwa sababu Nasambu lilikuwa jina la mama yake mzazi.

"Unavuta kwa nguvu mno, baba. Vuta kidogo, kama anayeonja chai ya moto. Mvuke ukae mdomoni, halafu utoe kwa pua. Ladha inakaa huku nyuma ya pua, kifuani haipo."

"Nitoe kwa pua? Mimi ni ng'ombe?"

Chausiku, abiria wa kiti cha jirani, akacheka. "Mzee wangu, jifanye unambusu mjukuu."

Hakuweza. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa busaa, pombe ya nafaka, anakaa na wenzake kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija ule ukiuvuta kivivu pombe haipandi, na wenzako wanakumalizia. Kifua kilishajifunza hivyo. Midomo ikigusa kitu cha kuvuta, tumbo linaingia ndani lenyewe.

Ndani ya kionjeo mlikuwa na utambi uliolowa maji ya ladha, na waya wa kuupasha. Nasambu alifanya joto lifuate nguvu ya anayevuta. Mzee akivuta, waya unawaka, utambi unakauka kabla maji hayajapanda, na kinachomfikia ni pamba iliyoungua. Maabarani walikijaribu kwa vijana tu, nao wote walivuta taratibu. Sasa ubongo wa kionjeo, unaoamua joto, ulikuwa umezibwa kwa kioo kiwandani, na huko angani hakukuwa na cha kuuzibulia.

Chakula kingine hakikuwamo chomboni, basi mzee alijaribu kumeza bila mvuke. Lishe ikarudi yote. Mashavu yakaanza kubonyea.

Hamdani, daktari wa chombo, akamtundikia dripu, akamvuta Nasambu pembeni. "Hii itamshikilia kwa muda tu. Lazima ale."

"Baba, jaribu tena, tafadhali."

"Najaribu, mama. Kifua hakinisikii."

Nasambu akamwelekeza, akamwimbia, akamgombeza. Pamba iliyoungua, kila mara.

Walipokaribia Mirihi, mzee hakuweza hata kuinua mkono. Nasambu akamwekea kionjeo mdomoni. Pumzi ikaingia nyembamba, ikatokea puani bila kuambiwa.

"Uyoga," alisema. "Na karanga. Kumbe kiko vizuri, mama."

Nasambu akarukia bakuli, akamtia kijiko ulimini. Koo halikuwa na nguvu tena ya kumeza.

Mukhwana alifia chomboni, akazikwa Mirihi. Hamdani alirudi Duniani na safari iliyofuata. Chausiku alifungua mgahawa wa vionjeo, nao una wateja. Kiwanda kilipunguza joto kwenye vionjeo vipya. Nasambu analima viazi kwenye shamba la kituo.