Jina Alilonyimwa Margaretha

Jumamosi ile mchana Bibiane, jirani yetu wa mtaa wa Schaerbeek, alikuwa anakunja nguo za mtoto huku roho ikimuuma. Mumewe, Mathieu, alikuwa kwenye kompyuta tena. Baba yake ni Mmarekani, na Mathieu alikuwa akiwatafuta mababu zake Wajerumani waliohamia Pennsylvania enzi za mfalme wa Uingereza. Kutwa Margaretha hivi, Margaretha vile. Huyo alikuwa mke wa kwanza wa mmoja wa mababu hao, aliyefia melini bila kuacha mtoto. Amekufa zamani za kale, lakini Bibiane alimwonea wivu kama mke mwenza.

Sasa Mathieu alitaka binti yao wa wiki moja aitwe Margaretha.

“Maskini, hakuna hata mtu mmoja katika ukoo mwenye jina lake,” alisema, machozi yakimlengalenga.

Bibiane alipandwa na hasira. Machozi hayo hajawahi kumlilia yeye!

Mathieu alipotoka kwenda dukani, Bibiane akainama juu ya kitanda cha mtoto. Kwao Likasi, marehemu anayedai jina huambiwa wazi kwamba amekataliwa.

“Margaretha! Huyu mutoto ni wangu. Jina yako hatuitaki. Rudia kwenye ulitoka!”

Roho ikamtulia kwatu. Akaenda sebuleni, akampigia simu shangazi yake, Maman Mathilde, ili ajisifu.

Shangazi aliuliza, “Mutoto alikuwa analia bila kunyamaza? Ulimuota huyo mwanamuke?”

“Hapana, maman.”

“Donc, basi, hakudai kitu.” Sauti ikashuka. “Bibiane, hakukuwa anajua kama kuko mutoto. Ni weye umemuambia.”

Chumbani, mtoto alianza kunyonya.

Bibiane aliisikia vizuri sauti ya kunyonya. Simu ikamponyoka. Akakimbilia chumbani.

Hapakuwa na mtu. Kiti chake cha kunyonyeshea kilikuwa kimesogezwa hadi kitandani. Mtoto ameshiba, maziwa yanamchuruzika kidevuni. Bibiane akayagusa. Yalikuwa ya baridi.

Akampa titi. Mtoto akageuza uso. Akampa tena. Akageuza uso. Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma, na Bibiane alilia kwa wivu zaidi kuliko kwa hofu.

Mtoto walimpa jina la Hadassa. Titi la mama yake hakuligusa tena, wala chupa. Na kila muuguzi alipompima, alikuta mtoto ameongezeka uzito.