Ndoo ya Njano

Duka la vifaa vya meli lilikuwa limefurika watu. Mabaharia waligombea kamba, wapishi waligombea makopo, na mwenye duka alikuwa akimjibu kila mtu bila kumtazama yeyote. Katikati ya vurugu hiyo, fundi injini mmoja mrefu, ovaroli yake ya bluu imepauka magotini, alinyoosha mkono kwenye rafu akashika mpini wa ndoo ya njano. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu. Akaivuta. Haikuja.

"Kaka, achia."

Kwenye mpini uleule kulikuwa na mkono mwingine, na nyuma ya mkono huo mwanamke aliyevaa gauni jepesi la rangi ya machungwa. Nywele zake, nyeusi na nyingi, zilikuwa zimeachiwa zijisimamie zenyewe, zikauzunguka uso wake kama zina ubishi wao.

"Dada, nimeishika mimi kwanza."

"Nimeiona mimi kwanza. Tangu mlangoni nimeikazia macho."

"Kwani macho yana vidole?"

Mwanamke akacheka, lakini mpini hakuuachia. "Na hayo macho yako, mbona hayapo kwenye ndoo?"

"Ndoo nimeshaisahau," fundi akasema, na kweli alikuwa ameisahau. Akaachia mpini, akatoka dukani mikono mitupu.

Alipofika gatini na sanduku lake la zana, akapanda boti aliyoajiriwa, kitu cha kwanza kukiona kwenye sehemu ya nyuma kilikuwa ndoo ya njano.

"Wewe!" akasema yule mwanamke wa dukani, kumbe ndiye mpishi wa boti, akitoa kichwa jikoni.

"Na wewe!"

"Usiniambie umenifuata kwa ajili ya ndoo."

"Nimefuata injini. Ndoo ni bahati yangu nzuri."

Boti yenyewe ilikuwa ndogo, nyeupe, ya tajiri ambaye hakutaka kusumbuka na mawimbi. Yeye alipanda ndege, akawaachia watu watatu kazi ya kumvushia mali yake ng'ambo ya bahari kuu: nahodha, ambaye alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kipaza sauti; fundi; na mpishi. Humo ndani hapakuwa na siri. Ukikohoa jikoni, aliyeshika usukani anakuitikia pole.

Walikwenda polepole ili dizeli iwafikishe. Boti iliyumba asubuhi, ikayumba mchana, ikayumba hata wakati bahari ilipoonekana imelala. Mpishi alifunga sufuria kwa waya zisiruke jikoni, akakanda unga huku kiuno amekiegemeza kabatini, na bado mkate wake ulitoka umeumuka vizuri. Fundi alikuwa anashuka kwenye chumba cha injini kabla jua halijatoka. Alipima oili, akasafisha chujio, akatega sikio kama daktari kifuani kwa mgonjwa. Kisha akapanda kushika usukani, na hapo ndipo mpishi alipomletea kipande cha pembeni cha mkate, kile kigumu, cha moto.

"Bwana Dizeli, injini imeamkaje leo?"

"Imeamka na njaa. Inasema kipande ni kidogo."

"Iambie inywe mafuta iache umbea."

Mapenzi yalianza hivyo, kwa mkate na kejeli. Wote wawili walijua, hakuna aliyetamka. Fundi alikuwa na maneno yake kifuani na alitaka kuyasema kabla hawajaona nchi kavu, kwa sababu mpishi alikuwa na tiketi ya ndege. Boti ikifunga kamba tu, yeye anarudi kwao, na fundi hatamwona tena.

Kisha pampu ya mashine ya kuchujia maji ya bahari ikapasuka. Fundi aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, akaitukana. Ilihitaji spea ambayo humo botini haikuwepo. Maji matamu yaliyobaki kwenye tangi yakawa ya kupimiwa.

"Sikilizeni!" nahodha akanguruma. "Ya kunywa na kupika nashika mimi. Ya kuoga, kila mtu na ndoo yake, nusu tu, kila asubuhi. Ukiyamaliza, bahari hiyo hapo."

Mpishi hakulalamika. Alipitisha tu vidole kwenye nywele zake, zilizokuwa zimeanza kukakamaa kwa chumvi, akashusha uso. Fundi aliuona uso huo, na ukamchoma. Mashine ilikuwa mikononi mwake yeye, ikafa.

Kwa hiyo kila asubuhi, nahodha akishapima na mpishi akiwa bado amelala, fundi alichukua maji yake karibu yote akayamimina kwenye ndoo ya njano ya mpishi, akabakiza ya kupigia mswaki. Siku moja nahodha alimkuta. Akakohoa, akageuka kutazama mawimbi.

Mpishi aliosha nywele akiimba. Fundi alimsikia akiwa chini kwenye injini, akatabasamu na spana mdomoni.

Tatizo ni kwamba chumba cha injini ni tanuri. Mtu anaingia mkavu, anatoka amelowa jasho na dizeli. Fundi alijaribu kuoga maji ya bahari, lakini chumvi na sabuni havielewani. Sabuni iligoma kutoa povu, mafuta yakabaki palepale ngozini, juu yake chumvi ikamwasha mpaka akajikuna kama ana upele. Akaacha. Siku zikasonga, na fundi akaanza kunuka. Sisemi kunukia. Kunuka.

Mpishi akaanza kumpa mkate kwa mkono ulionyooshwa wote. Halafu akawa anauacha mezani na kuondoka. Mazungumzo yakafupika. Fundi akadhani tiketi ya ndege imeanza kufanya kazi yake.

Mchana mmoja alikuwa amechuchumaa chini anabadilisha chujio, mlango wa juu uko wazi, akamsikia mpishi akiongea kwa simu ya setilaiti. Upande wa pili alikuwa shangazi yake, mwanamke ambaye kwa sauti ile hakuhitaji simu.

"Mwanangu, baharini kote huko hakuna hata mwanamume mmoja wa maana?"

"Yupo, shangazi. Fundi. Mcheshi, mchapakazi, na ana macho hayo!"

"Sasa?"

"Ananuka."

"Ananuka nini?"

"Kila kitu, shangazi. Na maji tunapimiwa sawasawa! Mimi naoga na nywele naosha. Ya kwake sijui anayanywa?"

"Achana naye! Asiyejua hata sabuni atajua kukutunza wewe? Fika uje nyumbani."

"Nakuja, shangazi. Tiketi si ninayo."

Fundi alikaa na lile chujio mkononi likimdondoshea mafuta mapajani. Alitaka kupanda juu aseme. Akaona aibu ya kudai shukrani kwa kitu alichokitoa mwenyewe bila kuombwa. Kesho yake asubuhi akachukua maji yake, akajifungia bafuni, akajisugua mpaka ngozi ikapiga kelele. Akavaa shati jeupe alilokuwa amelitunza kwa siku ya kufika. Akachana nywele. Akapanda juu akasimama amenuna, anang'aa.

Haikuchukua muda, boti nzima ikasikia ukelele.

"Mwizi!"

Mpishi akatokea na taulo mabegani, kichwa kizima povu, jicho moja amelifumba. Mkononi ndoo ya njano, tupu.

"Nani kaniibia maji?" Jicho lililokuwa wazi likatua kwenye shati jeupe. Akanusa hewa. "Ahaa! Kumbe wewe! Siku zote umekaa na uvundo wako, siku ukikumbuka kuoga unaoga maji yangu!"

"Nimeoga yangu."

"Yako yapi? Mimi hata kusuuza sijamaliza!"

"Mpishi!" Nahodha alikuwa kwenye usukani. "Nimekupimia nusu ndoo leo, jana nusu, juzi nusu. Sijakupunja hata tone."

"Nahodha, kila siku nakuta imejaa!"

"Ndiyo, unakuta imejaa. Muulize huyo aliyevaa kama bwana harusi ni nani anayeijaza."

Mpishi akatazama ndoo, akatazama shati, akatazama tena ndoo.

"Ni wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo ulikuwa unanuka kwa sababu yangu?"

"Nilikuwa nanuka kwa sababu ya injini. Kutokuoga ndiyo ilikuwa kwa sababu yako."

"Mbona hukusema?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi. Na ulivyonisema kwa shangazi nimesikia."

Mpishi akajifunika uso kwa aibu, na povu likamwingia kwenye jicho lililokuwa wazi. "Uwii! Jicho! Nakufa!"

Fundi akakimbilia ndoo yake. Chini yalikuwepo maji. Hata kwa hasira zile, mkono wake ulikuwa umekataa kuyamaliza.

"Inama," akasema.

Akammiminia taratibu, kama anavyotia oili kwenye injini anayoipenda, vidole vyake vikifuata povu nyuma ya sikio, shingoni, kwenye mizizi ya nywele. Nahodha akaanza kuitazama bahari kwa makini, utadhani ni mpya.

"Nisamehe," mpishi akasema, kichwa kikiwa chini.

"Usipande ndege."

"Nibaki nifanye nini?"

"Mwenye boti anataka fundi na mpishi wa kukaa nayo huko tuendako. Lakini mimi sikuombi kama mpishi. Nakuomba uwe mke wangu."

Mpishi akainua uso, maji yakimchuruzika puani. "Unanichumbia nina povu sikioni?"

"Nimesubiri mpaka nikaoga."

Akacheka mpaka akashika reli. "Jibu lako utalipata nchi kavu, mpenzi. Na kuanzia leo kila mtu na nusu yake. Ukinimiminia tena nakutosa baharini!"

Siku zilizobaki walinuka wote wawili kidogo kidogo, kwa haki, na mkate ukaliwa bega kwa bega. Mpishi alipomwita mpenzi tena, fundi alikwenda kupima oili ambayo alikuwa ameshaipima.

Hatimaye boti ikafunga kamba. Fundi alibaki gatini na shati lake jeupe, anajikaza asiulize. Mpishi alikuwa ameshuka kabla yake, begi begani, simu sikioni. Akasimama karibu na bomba la gatini.

"Shangazi, nimefika. Lakini ndege sipandi."

"Kwa nini?"

"Naolewa."

"Na nani, jamani?"

"Fundi."

Gati zima lilisikia. "Yule anayenuka?"

"Huyohuyo."

Shangazi akaguna. Kisha, kwa upole wa mtu aliyeanza kukubali: "Ameshaoga?"

Mpishi akashika mpira wa maji, akamwelekezea fundi aliyekuwa anakuja mbio, mikono wazi, na shati lake jeupe vilevile.

"Subiri, shangazi," akasema. "Ndiyo namfungulia bomba."