Ghala la Panya

Barafu ya kwanza ilikuwa imeanza kuuma kinamasi. Kama kila mwaka, Atsaruaq alivaa buti, akabeba ndoo, akamfuata shangazi yake Nanugaq, pamoja na wasichana wengine, kwenda kutafuta maghala ya panya. Panya wa kule hukata mashina matamu ya nyasi za pamba, zile zenye vishada vyeupe, wakayafukia ili wayale wakati wa baridi. Watu huchukua nusu kwa chakula chao, wakamwachia panya kipande cha samaki mkavu, kisha wakalifunika tundu vizuri.

"We, hiyo ni ndoo au kikombe cha chai?" Paniliar, binamu yake, alimcheka. Ndoo yake mwenyewe ilikuwa karibu kujaa.

"Mwache, anawachumia wanasesere wake," wenzake wakadakia.

Atsaruaq alijitenga nao, uso ukimwaka. Mara ardhi ikabonyea chini ya buti lake. Ghala! Alichimba, akatazama huku na huku, akakomba yote. Kipande cha samaki alichopaswa kumwachia panya akakitia mdomoni mwake, maana njaa nayo ilimkaba. Tundu akaliacha wazi, akakimbia kuonyesha ndoo yake.

"Umewaachia nusu?" shangazi aliuliza.

"Nusu kabisa, shangazi."

"Na samaki?"

"Nimeweka."

Wakaendelea na kazi. Walipoketi kunywa chai, Paniliar alimsogelea, akafinya pua. "Shangazi, huyu ananuka samaki, na chakula hatujafungua!"

Shangazi alimshika kidevu, akamnusa. "Kumbe panya wako ana mdomo kama wako. Inuka, unionyeshe."

Wote walifuatana, wakamkuta panya akihangaika katika ghala tupu, anaingia, anatoka, ananusa udongo. Kabla hawajafika karibu, bundi mweupe alishuka kimya, akamnyakua. Kikasikika kilio kimoja chembamba, basi. Wasichana hawakucheka tena.

"Chini wamo wengine," shangazi alisema. "Vua glavu. Rudisha."

Atsaruaq alirudisha mashina kwa mikono mitupu, vidole vikifa ganzi.

"Shangazi, mikono inaniuma."

"Yule bundi alimuuliza panya kama anaumia? Na samaki wako wa chakula cha leo mtie humo. Mzima."

Alimtia, akafunika tundu kwa udongo na majani, akalishindilia huku machozi yakimganda shavuni.

"Sasa nisikilize," shangazi alisema. "Njaa ilikushinda, na hilo ningelielewa. Lakini nilikuuliza. Ungesema kweli pale pale, tungekuja kulifunika tundu hili, na yule angekuwa hai. Uongo wako ulimwacha wazi mbele ya bundi. Hata ukilia mpaka kesho, hutamrudisha."

"Ndiyo, shangazi."

"Usiniitikie tu. Nikikuuliza tena, utanijibu nini?"

"Nilichofanya, hata kama ni kibaya."

Shangazi alimtupia glavu na ile ndoo tupu. "Haya, twende. Ghala linalofuata utachimba wewe. Mimi nitasimama nyuma yako mpaka siku nitakapoweza kukupa mgongo bila wasiwasi."