Somo Yake Ludmila

"Ludmila binti Salem!"

Ukumbi mzima wa kliniki ya meno kule Darsait uligeuza shingo kumtafuta Mzungu. Aliyesimama alikuwa msichana wa Kiomani, abaya ya zambarau, harufu ya udi ikimtangulia, uso umechoka kutazamwa.

"Wewe ndiye Ludmila?" aliuliza Mahfoudh, kijana aliyekaa kando yake, shavu limemvimba.

"Ndimi. Na Kirusi sijui. Jingine?"

Akacheka mpaka jino likamtia adabu. Mapenzi yalianzia hapo, maana wako wanaume wanaopenda kukaripiwa.

Simu zikawa haziishi. Ludmila alimweleza: mama yake alisomea uuguzi Kiev, akamzaa huko wakati wa baridi kali, hana ndugu karibu. Mwenzake wa chumbani, mwenyeji wa huko, alimkanda, akamfulia nepi. "Huyo ndiye somo yangu. Jina la Kislavi, la kale. Maana yake mpendwa wa watu."

"Basi mie ndio hao watu."

"Wewe ni mtu mmoja, tena msumbufu."

Kisha bwana akaharibu. "Kipenzi, nimemwambia mama unaitwa Lamya. Jina la Kizungu litamshtua. Mpaka tuoane tu."

"Lamya? Na shekhe akikuoza Lamya, utakuwa umemuoa nani?"

"Roho yangu, jina tu..."

"Jina tu! Mtu kamlea mama yangu ugenini, leo nimfute kwa kuwa wewe mwoga? Katafute huyo Lamya wako, ukampose!"

Akakata simu, akalia. Hasira ilizidi huzuni, kwani zuzu lile alikuwa analipenda kweli.

Mahfoudh alipiga, hakupokelewa. Akaendesha gari hadi kwao Ludmila, Al Khoudh, akabisha hodi, akaambiwa binti amelala, saa kumi za alasiri. Alirudi kwao mnyonge, akamwambia mama yake kila kitu.

Kesho yake Ludmila alipigiwa na namba asiyoijua.

"Mie mamake Mahfoudh. Mwanangu, huyu ana wazimu? Lini nimesema jina la mtu linanishinda? Kanifanya kisingizio mie! Nnalijaribu tangu alfajiri: Lu-di-mi-la. Ulimi unauma, lakini litakaa."

"Mama, mwambie nimekosa," Mahfoudh alisikika kwa nyuma.

"Nyamaza wewe! Haya mwanangu, nije kuposa, au nimfukuze huyu nyumbani kwangu?"

Ludmila alifuta macho kwa ncha ya shela.

"Njoo, mama. Na yeye mlete. Sijamsamehe, lakini namtaka."